Sanduku la maneno ya siri: lipi linamfaa mtumishi wa amani?



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya kamati za amani, mashamba yanayogombaniwa na mikutano kati ya jamii. Safari hii tunaongea juu ya maneno ya siri, jambo ambalo wengi huliona ni la vijana wa kompyuta. Tunaliongea kwa sababu kazi yetu imehamia ndani ya simu. Ripoti ya mwezi, majina ya waliotoa ushuhuda, namba za wanamemba wanaotoa tahadhari kijijini, picha ya mkutano ambamo mtu wa upande huu alikaa karibu na mtu wa upande ule: vyote hivyo vinapita katika barua pepe, WhatsApp na Facebook. Anayejua neno lako la siri hana haja ya kuvunja mlango wa ofisi. Na si wewe utakayeumia kwanza. Ataumia yule mama aliyekutajia jina la mtu aliyemtendea ubaya, akiamini kwamba habari hiyo itabaki kwako.

Katika mafunzo watu hutuuliza: kati ya programu zote zinazotunza maneno ya siri, mtu achukue ipi kwa matumizi yake mwenyewe? Majibu mengi yanayopatikana kwenye intaneti yameandikwa kwa mtu wa Ulaya au Marekani, mwenye simu, kompyuta na mtandao usiokatika. Sisi tunaanza na maswali mawili tu. Je, itafunguka siku ambayo hakuna mtandao? Na simu ikichukuliwa leo jioni, kesho utayapata wapi maneno yako? Programu isiyojibu maswali haya mawili haitufai, hata kama inasifiwa namna gani.

Kwa nini kichwa peke yake hakitoshi

Wengi wetu tuna neno moja la siri kwa kila kitu. Mara nyingi ni jina la mtoto wa kwanza na mwaka wake wa kuzaliwa, au jina la Yesu na tarakimu kidogo, au namba ya simu. Hatuwalaumu wanaofanya hivyo, kwani kichwa cha mtu kina kipimo chake. Hata huko kwenye mitandao mikubwa ni vilevile. Mwaka 2009 wezi waliiba maneno ya siri ya watu milioni 32 katika kampuni ya Marekani iliyoitwa RockYou, na neno lililopatikana mara nyingi kuliko yote lilikuwa 123456.

Hatari kubwa haitokani na jirani anayejaribu kubahatisha. Umefungua akaunti kwenye tovuti ya michezo au ya kuuza na kununua, ukatumia neno lilelile la barua pepe. Tovuti ile inaibiwa, wewe hata hujui. Wezi wanachukua anwani yako na neno lako, kisha kompyuta zao zinayajaribu yenyewe kwenye Gmail, Facebook na kwingineko, usiku na mchana. Kuna tovuti inayoitwa Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia. Ukiandika pale anwani yako ya barua pepe, inakuonyesha kama imo katika wizi unaojulikana. Ni bure, na tunashauri kila msomaji ajaribu.

Kuna desturi nyingine hapa kwetu. Mtu ananunua simu, na kijana wa duka anamfungulia akaunti ya Google, anachagua neno la siri yeye mwenyewe, pengine analiandika juu ya kartoni ya simu. Hata kama kijana ni mwema, akaunti ile ina wenyewe wawili. Kabla ya kutafuta programu yoyote, badilisha neno hilo, kisha utazame katika akaunti ni namba gani ya simu na barua pepe gani zimewekwa kwa ajili ya kurudishiwa akaunti. Mara nyingine utakuta ni za kijana.

Neno moja pia kwa wale walioambiwa wabadilishe maneno yao kila mwezi. Tangu mwaka 2017 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, haishauri tena kumlazimisha mtu kubadilisha neno kila baada ya muda. Sababu inajulikana: anayelazimishwa hutoka Amani1 kwenda Amani2. Badilisha unapokuwa na sababu, kwa mfano simu imeibwa au mtu ameliona.

Programu hii inafanya nini

Ni sanduku. Ndani yake unaweka maneno yako yote ya siri, na sanduku lenyewe linafungwa kwa ufunguo mmoja, yaani neno kuu ambalo unaliweka kichwani. Programu inakutungia maneno marefu yasiyo na maana, tofauti kwa kila akaunti, na huna haja ya kuyajua. Yanafungwa kwa hesabu ngumu kiasi kwamba aliyeiba faili bila kuwa na ufunguo anabaki na takataka, mradi ufunguo wenyewe si rahisi.

Faida moja haitajwi sana. Sanduku likiunganishwa vizuri na simu, linajaza neno la siri kwenye anwani ya kweli peke yake. Ukitumiwa kiungo cha ukurasa unaofanana na Facebook lakini si Facebook, jicho lako linaweza kudanganyika, ila sanduku litakataa kujaza. Likikataa, simama, usome anwani herufi kwa herufi. Usilazimishe kwa kunakili na kubandika.

Tunaona aina tatu za masanduku. Ya kwanza tayari unayo: Google ndani ya Android na Chrome, au Apple kwa mwenye iPhone. Hakuna la kusakinisha wala la kulipa. Kwa mtu ambaye leo ana neno moja kwa kila kitu, hii ni hatua kubwa, nasi hatumzuii. Lakini inafunguliwa kwa alama au namba ileile inayofungua kioo cha simu. Anayekulazimisha kufungua simu amefungua na sanduku. Tena, mtu akiishika akaunti yako ya Google, ameyashika yote. Na kwenye kompyuta ya ofisi mnayotumia watu wanne, usikubali kamwe kivinjari kihifadhi maneno yako, kwani atakayekaa baada yako atayakuta.

Aina ya pili ni kampuni inayokutunzia sanduku kwenye kompyuta zake, likiwa limefungwa. Unalipata kwenye simu na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, na simu ikiibwa, unaingia kutoka simu nyingine. Kati ya hizi tunaipenda Bitwarden, iliyoanza mwaka 2016. Mpango wake wa bure unakubali maneno yasiyo na idadi na vifaa vingi, na wataalamu wa nje wanaweza kusoma namna ilivyotengenezwa, maana programu yake iko wazi. Maneno yaliyokwisha kufika kwenye simu unaweza kuyasoma hata bila mtandao, mradi hukujiondoa katika akaunti.

Pamoja na hayo, kumbuka LastPass. Mwaka 2022 wezi waliingia katika kampuni hiyo, na mwezi wa Desemba kampuni ikatangaza kwamba nakala za masanduku ya wateja zimechukuliwa. Maneno ya siri yalikuwa yamefungwa. Anwani za tovuti hazikufungwa. Maana yake mwizi aliweza kuona huyu ana akaunti benki gani, yule anaingia tovuti ya shirika gani, kabla hata ya kuvunja chochote. Kwa mtu anayefanya kazi na mashahidi, orodha ya anwani peke yake inasema mengi. Na waliokuwa na ufunguo dhaifu walibaki hatarini hata baada ya kuubadilisha, kwa sababu nakala iliyoibwa bado inafunguka kwa ufunguo wa zamani. Ilibidi wabadilishe maneno yote yaliyokuwamo.

Aina ya tatu ni faili unayoishika mwenyewe. Ndiyo KeePass, iliyotungwa mwaka 2003 na Mjerumani Dominik Reichl, pamoja na jamaa zake: KeePassXC kwa kompyuta na KeePassDX kwa simu za Android. Zote zinafungua faili ya aina moja, inayoishia na .kdbx. Hakuna akaunti ya kufungua, hakuna kampuni, hakuna mega zinazotumika. Faili yenye maneno machache ni ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Unaipeleka kwenye simu ya pili kwa Bluetooth, unaiweka kwenye kadi ya memori, unaituma kwa dada yako aliye mbali. Yeye ataitunza bila kuweza kuifungua.

Kasoro yake nayo ni hiyohiyo: hakuna anayekutunzia. Ukiongeza neno jipya kwenye simu na kusahau kunakili, nakala zako za zamani hazina neno hilo. Na programu nzuri pia hupatikana na tundu. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba katika KeePass ya Windows mtu aliyeshika kompyuta aliweza kuutoa karibu ufunguo wote kutoka kumbukumbu ya mashine. Mwezi wa Juni mwaka huo toleo 2.54 lilirekebisha. Kwa hiyo pokea matoleo mapya hata kama mega ni ghali. Na usifungue sanduku lako kwenye kompyuta ya nyumba ya intaneti hata mara moja, kwani hujui nani ameweka nini ndani ya mashine ile.

Mtandao unapokatika

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na ujumbe mfupi katika Kongo nzima, navyo vikarudi karibu siku 20 baadaye. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye mitaa kumi ya Goma iliamriwa kuhama. Watu walikwenda Sake, Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu, wakiwa na kile kilichotosha mkononi. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 ilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika na benki zikafungwa.

Tunataja siku hizo kwa sababu ndizo kipimo cha sanduku. Mtu aliyekimbia bila simu anafika kwa ndugu, anaazima simu, anataka kuingia katika barua pepe yake ili aseme yuko hai na awaonye wengine. Je, ataweza? Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Tangu mwaka 2025, mtu anayetumia Bitwarden bila ulinzi wa hatua ya pili, akiingia kutoka simu mpya, anatumiwa namba kwenye barua pepe. Lakini neno la barua pepe limo ndani ya Bitwarden. Ni kama ufunguo wa nyumba uliofungiwa ndani ya nyumba.

Dawa ni kuweka vitu viwili kichwani badala ya kimoja: ufunguo wa sanduku na neno la barua pepe yako kuu. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money nayo ikae kichwani, ila hiyo mnaijua tayari.

Ulinzi wa hatua ya pili tunaupenda, yaani ile namba inayoombwa baada ya neno la siri. Lakini wengi wanaipokea kwa ujumbe mfupi, na SIM kadi ikipotea namba zinapotea nayo. Kuirudisha SIM kadi kunadai kadi ya mpiga kura na duka lililo wazi, vitu ambavyo siku ya kukimbia havipo. Google inakupa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi kabla ya haja, na karatasi ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Kutembea nayo mfukoni si vizuri, maana karatasi yenye tarakimu tupu inaleta maswali barierini.

Ufunguo wenyewe

Wengi wakisikia neno kuu liwe refu wanachagua mstari wa Biblia. Tunaelewa sababu, lakini hapana. Maandiko ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo wavunjaji wa maneno ya siri huviweka katika kompyuta zao, pamoja na nyimbo na methali. Kuchanganya na Mashi au Kinande kunasaidia kidogo tu.

Njia nzuri ni ya zamani, ya mwaka 1995, ya Arnold Reinhold. Unarusha dadu mara tano, unapata namba kama 4-2-6-1-3, unatafuta neno lenye namba hiyo katika orodha ya maneno 7776. Unarudia mpaka upate maneno matano au sita. Hata akiijua orodha nzima, anayejaribu maneno matano ana njia zaidi ya bilioni 28 mara bilioni. Orodha zinapatikana bure kwa Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine. Dadu ya ludo ya watoto inatosha. Ukipata kitu kama "jembe kumi mvua daraja karanga" (usitumie hiki, tumekwisha kukichapa), kitunge hadithi kichwani: majembe kumi yalinyeshewa mvua kwenye daraja, mtu akala karanga. Kinachotoa nguvu ni bahati ya dadu, kwa hiyo usibadilishe neno kwa sababu halikupendezi.

Andika ufunguo huo kila siku kwa wiki mbili za kwanza, hata kama simu inakubali kidole. Ukiusahau, Bitwarden hawawezi kukurudishia, na KeePass hakuna hata wa kumuuliza.

Barierini

Tuseme wazi: hakuna programu inayomshinda mtu mwenye bunduki. Akisema fungua, fungua. Hakuna neno la siri linalolingana na maisha, na hatutaki mwanamemba yeyote afikirie vingine. Kazi ya ulinzi inafanyika kabla ya safari.

Hapo ndipo tunaona faili ya KeePass inazishinda nyingine kwa mtu wa terrain, anayepita Kalehe, Masisi au Fizi kila wiki. Unaweza kuwa na masanduku mawili. Kubwa linabaki nyumbani, kwenye kompyuta au kadi ya memori. Dogo linasafiri, na lina maneno matatu au manne ya safari tu, hakuna la kazi ya mashahidi. Anayetumia Bitwarden anaweza kujiondoa katika akaunti na kuifuta programu kabla ya kuondoka, kisha kuirudisha akifika penye mtandao. Kwa vyovyote, ondoa kidole na uso kama njia za kufungua sanduku kabla ya kupanda gari, kwa maana kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu, na weka sanduku lijifunge baada ya dakika moja.

Na kabla ya safari mwambie mwenzako mmoja afanye nini ukichelewa kurudi: awajulishe nani, ni vikundi gani vya WhatsApp vikutoe. Hili halihitaji programu yoyote.

Tunachoshauri

Mwenye simu moja ya Android, anayesafiri sana na mtandao wake ni wa kubahatisha, achukue KeePassDX. Mwenye simu na kompyuta, anayekaa mjini, Bitwarden itamsumbua kidogo zaidi mwanzoni na kumpumzisha baadaye. Mzee wa kamati ambaye simu kubwa anaitumia kwa WhatsApp tu hana haja ya programu. Daftari lililofungiwa ndani ya kabati nyumbani linamtosha, hilo lisisafiri, na kwenye WhatsApp aweke ile namba ya siri ya tarakimu sita.

Programu ipakue kutoka Google Play, au F-Droid kwa KeePassDX. Tunajua watu hupeana programu kwa Xender ili kuokoa mega, lakini sanduku la siri ni kitu cha mwisho cha kupokea kwa njia hiyo. Hata dukani soma jina vizuri: mwezi wa Februari 2024 duka la Apple lilikutwa na programu ya uongo iliyoitwa LassPass, kwa herufi moja tu ya tofauti.

Usihamishe kila kitu siku moja. Anza na barua pepe, kisha Facebook, kisha zile zenye habari za watu wengine. Kama unatoka programu moja kwenda nyingine, ile ya zamani itakutolea faili ambamo maneno yote yameandikwa wazi. Ukimaliza kuhamisha, ifute, na uimwage hata kwenye pipa la takataka la kompyuta.

Kisha fanya jaribio. Zima mega na Wi-Fi, iweke simu yako kabatini, chukua nakala kwenye kifaa kingine na ujaribu kufungua sanduku. Lisipofunguka, sasa bado una nafasi ya kurekebisha, maana simu yako iko kabatini.